Ng'ombe wa Kwenye Mwongozo

Kustaafu ni ugonjwa wa miguu. Wenzangu uliwashika magoti, mimi ulinishika nyayo. Zinawasha, hazitulii chini ya kiti. Miaka yote niliyosimamia mashine ya kukoboa kahawa hapa Kimuli nilikuwa nasimama kutwa na kulala kama gogo. Ile mashine niliifundisha adabu mpaka nikipiga mluzi inawaka yenyewe, na kuna msimu iliunguruma vizuri hivi kwamba kahawa ya jirani ilijimenya ikiwa bado mtini. Mke wangu Edith akisikia naanza hadithi hiyo huinuka kwenda kutazama ndizi jikoni, hata siku ambayo hajabandika chochote.

Basi nilipostaafu nikabaki na macho mawili na vidole kumi, vyote havina ajira. Mwanangu Yustus, fundi wa sola, akaleta laptopu kuukuu aliyopewa na mteja, akaiweka mezani ili aitupe baadaye. Nikaifungua. Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza, ikagoma, nikaisubiri, ikachoka kugoma. Kabla mibuni haijachanua tena nilikuwa nimeshaingia mtandaoni na kuanza kuwasahihishia watu makosa yao bila kuombwa, maana mimi nikiona herufi imekaa vibaya ni kama nimeona kifungo cha shati kimeingia tundu la jirani yake. Siwezi kupita.

Mwenye faida na ugonjwa wangu akawa mkamwana wangu, Ainebyona, mke wa Yustus. Huyu ni binti wa wafugaji wa Songambele, mtoto wa Twesigye, na amesomea mambo ya kompyuta. Yeye ametengeneza kitu kinaitwa Zizi. Watu wa fani yake hukiita maktaba, lakini usitafute kitabu humo. Ni furushi la mistari ya programu ambalo fundi mwingine analichukua na kulifunga kwenye kazi yake, kama mtu anavyonunua injini badala ya kuyeyusha chuma. Zizi linatunza habari za mifugo: nani kazaliwa na nani, nani kachanjwa, nani katoa maziwa kiasi gani. Na kila maktaba ina mwongozo wake, wa kumwambia fundi mgeni aanzie wapi na asiguse nini.

Mwongozo wa Zizi ulikuwa kama shamba la mjane. Ainebyona aliuandika kwa haraka huku akinyonyesha. Herufi zimemezana, vichwa vya sura vimekuwa vidogo kuliko maneno yaliyo chini yake, majedwali yamepinda kama mabati baada ya upepo. Nikamwambia Yustus amwambie mkewe: palizi hiyo nipe mimi.

Nasema nilimtuma Yustus kwa sababu mkamwana na baba mkwe wana mpaka wao. Ana kwa ana Ainebyona ananiita Tata, yaani baba, anapiga magoti kunisalimia, hanitazami usoni, na kiti nilichokikalia hakikalii. Lakini kule mtandaoni maandishi ya Zizi yanakohifadhiwa hakuna magoti. Kila nilichosahihisha kilipita kwake kwanza, naye akakubali au akakataa kwa maandishi. Na alivyokataa!

“Tata, shikamoo. Hapa umeongeza kisa cha chatu aliyemeza redio ikaendelea kutangaza. Toa.”

“Tata, jedwali limenyooka, ahsante. Methali iliyo chini yake haina kazi.”

“Tata, hapana.”

Naisoma hiyo hapana, damu inapanda, natoka na laptopu kwapani mpaka jikoni, namkuta ameshapiga magoti na kikombe cha uji wangu. “Karibu uji, Tata.” Utamgombeza vipi mtu aliyepiga magoti? Nakunywa, narudi, nafuta chatu.

Tungeendelea hivyo kwa amani, lakini ushirika wa maziwa wa Songambele ukatangaza kwamba unataka programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama. Walikuwa wanachagua kati ya mbili. Ya kwanza ni Zizi. Ya pili ni mfumo wa kampuni moja ya Dodoma, na kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kumwandikia Ainebyona kwamba akitaka ajira aje, nyumba ipo. Ushirika ukichukua Zizi, yeye anabaki hapa kulihudumia. Wasipolichukua, anakwenda Dodoma, na Yustus anamfuata, maana jua la kufungia sola halikosekani Dodoma. Na wajukuu wangu wawili hawataachwa wakining'inia kwenye mti. Yustus alikuwa ameshaanza kuulizia lori. Edith naye alianza kuwapikia watoto kana kwamba wanakwenda vitani.

Mwenyekiti wa ushirika, mama mmoja mfugaji anaitwa Mukakalisa, aliweka sharti. Siku ya majaribio angeletwa fundi kutoka Bukoba asiyemjua mtu. Atafuata mwongozo kama ulivyoandikwa, hatua kwa hatua, na kila kitu kitaonekana ukutani mbele ya wanachama. Mwandishi wa programu atakuwepo, lakini hafungui mdomo.

“Kwa nini asifungue mdomo?” Yustus aliuliza.

“Kwa sababu siku akiwa hayupo, ng'ombe watakuwepo,” mama yule alijibu.

Kwa hiyo tumbo la familia yangu yote lilikuwa limelala juu ya mwongozo, na mwongozo ulikuwa juu yangu. Wiki hiyo sikukaa. Nilikula nimesimama. Nyumbani mtandao unakuja kama mgeni mwenye haya, unachungulia na kuondoka, kwa hiyo nilipanda kilima cha nyuma ya kanisa na laptopu ndani ya mfuko wa mbolea, nikakaa chini ya mnara, nikasahihisha, mvua ikaja, nikashuka, mvua ikakata, nikapanda. Edith aliniambia kama ningepanda hivyo na mikungu ya ndizi tungekuwa matajiri.

“Baba Yustus, hebu keti hata uvae kiatu cha pili.”

Kweli, nilikuwa na kimoja.

Jumatano Ainebyona akaandika: “Tata, shikamoo. Mimi nimebanwa na programu yenyewe. Nimekupa ruhusa ya kupitisha masahihisho bila kunisubiri. Makosa ya herufi na mpangilio tu. Tafadhali.”

Lile ‘tu’ lilinikwaruza. Lakini ruhusa ni ruhusa. Nilipanda kilima siku hiyo kama askofu.

Alhamisi nikafika sura inayoitwa Kuanzisha Zizi. Palikuwa na mfano wa kumwonyesha fundi namna ya kuandika, nao ulisomeka hivi:

zizi = Zizi("Twesigye", idadi=64)

Nilihisi nywele za mikono zinasimama. Nikueleze kama hujui wafugaji wa upande huu. Ng'ombe hahesabiwi kwa namba. Mwenye kundi husimama langoni jioni, wanapita mmoja mmoja, na anajua kwamba Bihogo, yule wa wekundu uliokolea, hajaingia, au kwamba Kyasha mwenye doa jeupe usoni anachechemea. Kumuuliza wako wangapi ni kama kumuuliza aanze kufa yupi. Hata serikali ikituma watu, jibu huwa ni lilelile: wachache tu. Na hapa, kesho, ukutani, mbele ya ushirika mzima, jina la mkwe wangu Twesigye na namba pembeni yake!

Nikajisemea, Gosbert, wewe ni mtu wa migomba, huna hata ndama, lakini unaijua mila yao kuliko binti yao wenyewe. Utamu wa wazo hilo ulinizuia kufikiri. Nilifuta ile namba nikaweka neno wachache. Likakaa vizuri. Heshima ikarudi.

Chini ya mfano palikuwa na mstari umechanika, nusu yake ndani ya kisanduku cha kijivu cha msimbo, nusu nje, na vinyota vimeupanda kama kupe. Sikuusoma, niliutazama. Mtu wa mpangilio hutazama. Ulikuwa kama mkia uliobanwa na mlango. Nikaukata, sura nzima ikawa safi kama kitanda cha hoteli. Nikabonyeza kupitisha, ikapita, mvua ikashuka, mtandao ukakata, nami nikateremka naimba.

Ijumaa ukumbi wa ushirika ulijaa. Fimbo zimeegemezwa ukutani, kofia magotini, na maziwa kwenye vyanzi, vile vyombo vya mti, kwa ajili ya wageni. Fundi wa Bukoba alikuwa Jovitus, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Akaunganisha projekta, ukuta ukawaka, mwongozo ukatokea. Ainebyona alikaa benchi la wanawake, kitenge kimemfunika mabega, macho chini, midomo imebanwa kama aliyebeba maji mdomoni. Baba yake Twesigye alikaa mbele. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, nikihama kutoka mguu huu kwenda ule.

“Mzee, umebanwa?” mtu wa pembeni yangu alinong'ona. “Choo kiko kule.”

Sura ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Jovitus akasema kwa sauti, “Aisee, mwongozo huu umenyooka. Nimeona miongozo ya kampuni kubwa haina mpangilio kama huu.” Nilitamani Edith awepo asikie. Nilikohoa ili watu wageuke wanione, wakageuka, nikawapa tabasamu.

Ikaja Kuanzisha Zizi. Jovitus akanakili mfano kama ulivyo, pamoja na lile neno wachache, akabonyeza. Ukuta ukawa mwekundu.

“Inasema idadi lazima iwe namba,” Jovitus alisoma. Akajaribu tena. Nyekundu. “Mfano uliomo kwenye mwongozo haufanyi kazi.”

Ainebyona akainua kichwa. Akasoma ukutani. Kisha akageuza shingo taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba yangu, akanitazama usoni. Mimi nimewahi kusimama mbele ya nyati, tena nyati mwenye njaa, akaomba radhi akaondoka. Macho yale sikuyaweza. Nikatazama dari.

“Sasa,” Jovitus alisema, “inataka namba tu, tusikwame hapo. Wazee wangu, nani anipe idadi ya ng'ombe wake? Mmoja tu anatosha.”

Ungesikia nzi akimeza mate. Watu wakatazama kofia zao. Twesigye akawa ameona kitu cha maana sana kwenye paa.

“Kijana,” mzee mmoja wa mbele akaita, “umesema umetoka wapi?”

“Bukoba, mzee.”

“Huko mnahesabu nini?”

“Kila kitu, mzee. Hata samaki.”

“Ndiyo maana wanawaishia.”

Kicheko kikapita, kikakatika haraka. Jovitus hakuelewa amekosea wapi. Alipangusa jasho. “Mama mwenyekiti, bila namba siwezi kuendelea. Nitaandika kwamba imeshindikana.”

Mukakalisa alimtazama Ainebyona, akamtazama fundi. “Kama imeshindikana, andika.”

Niliona mikono ya mkamwana wangu imeshikana chini ya kitenge. Nikaliona lori la Yustus limeegeshwa uani kwangu, vitanda juu, na mjukuu wangu mdogo anapunga mkono kutoka dirishani huku Edith amejigeuza pembeni. Nyayo zikawaka moto. Kabla sijaamua lolote nilikuwa katikati ya ukumbi.

“Andika langu.”

“Mzee una ng'ombe?”

Twesigye aliniokoa haraka, au alidhani ananiokoa. “Mkwe, kaa chini. Una kuku na jogoo mmoja mwenye chongo.”

“Kuku ni wa Edith,” nikasema. “Ng'ombe ni wangu. Fundi, andika mia nne na kumi na saba.”

Fimbo ya mtu ilianguka sakafuni. Namba ya ng'ombe, kwa sauti, ndani ya ukumbi ule! Kwa pumzi moja hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Kisha nikaona mabega ya wazee yanashuka, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoelewa. Mtu asiye na ndama ametaja mia nne. Husuda imtafute nani? Kifo kije kichukue kipi? Ng'ombe wa uongo unaweza kuwahesabu mpaka kidole kichubuke, hatakufa hata mmoja.

“Gosbert,” Mukakalisa aliita, na nikaona amejizuia kwa nguvu asicheke, “hao wanachungwa wapi, mbona hatujawahi kuona hata samadi?”

“Mama mwenyekiti, hao ni wasafi. Mchana wako ng'ambo ya mto Kagera, jioni wanarudi wakishikana mikia ili wa nyuma asipotee. Pembe zao msiniulize. Mvua ikinyesha Rugu pembe zinalowa, na mgongo uko huku Kimuli mkavu kabisa.”

Jovitus alikuwa ameshaandika. Ukuta ukawa kijani.

“Inaendelea,” akasema, akapumua. “Mwongozo sasa unataka jina la ng'ombe, rangi yake na mama yake.”

“Wa kwanza Bihogo.”

“Mama yake?”

“Mama yake Ngabo, yule wa mabaka. Na baba ni fahali mweusi tii.”

“Haiwezekani!” mzee wa mbele, yuleyule wa samaki, alisimama kabisa. “Ngabo kwa fahali mweusi akupe Bihogo? Wewe mlima ndizi utatuharibia kizazi!”

“Basi fahali awe wa rangi gani, waitu, mzee wangu?”

“Awe Gaju, wa hudhurungi. Fundi, andika Gaju.”

Jovitus akaandika Gaju. Sasa ukumbi ukafunguka kama mzinga uliopigwa teke. Huyu anampa ng'ombe wangu jina, yule anamkataa, mwingine anasema Kyasha wangu lazima ana ukaidi maana ukoo wa Kyasha wote ni wakaidi. Twesigye mwenyewe aligeuka akaniuliza kwa ukali kama nilimchanja yule mtamba wa tatu, nikasema nilisahau, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Sura ya chanjo ikapita. Sura ya maziwa ikapita. Zizi likachora mchoro ukutani, na kundi langu likawa limetoa maziwa ya kuogeshea wilaya. Nilikuwa nimeanza kuwapenda.

Mukakalisa akainua mkono. Kelele zikafa.

“Tumecheka. Kwa ng'ombe wa Gosbert Zizi limefanya kazi. Kwa wa kwetu? Mimi sitataja namba. Nani hapa atataja?”

Hakuna.

“Fundi, mwongozo unasema tufanyeje?”

Jovitus alipandisha ukurasa, akaushusha. “Mwongozo unataka idadi, mama. Hausemi kingine.”

Ainebyona alifumba macho. Na hapo ndipo yale maneno niliyoyatazama bila kuyasoma yakanirudia, moja moja, kama ng'ombe langoni. Idadi si lazima. Ukiiacha wazi. Mkia ule! Binti wa Twesigye hakuwa amesahau mila ya kwao hata kidogo. Aliweka namba moja ya kubuni kwa ajili ya mafundi wa mbali, na chini yake akawaachia watu wake mlango. Nami nikaja na heshima zangu nikaupigilia misumari.

Angeweza kunitaja kwa kidole tu. Kidole si mdomo. Hakukiinua. Mkamwana hamwaniki baba mkwe wake hadharani.

“Kulikuwa na sentensi,” nikasema. “Inasema idadi unaweza kuiacha wazi, unaingiza ng'ombe mmoja mmoja, Zizi litajijulia.”

“Iko wapi?” Mukakalisa akauliza.

“Niliikata.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa inaning'inia.”

Mama yule alinitazama mpaka nikahisi nimekuwa mwembamba. “Fundi, jaribu kuiacha wazi.”

“Mama, ulisema nifuate kilichoandikwa. Hakijaandikwa.”

“Aliyeikata airudishe. Iandikwe, kisha uifuate.”

Nikakaa kwenye mashine ya Jovitus, ukumbi mzima mgongoni kwangu, kila herufi ninayogusa inatokea ukutani kubwa kama mbuzi. Nikaingia kwa jina langu. Vidole vilivyozoea kukimbia vikawa vya mtu anayetembea juu ya mayai. Niliandika: Idadi si lazima. Ukiiacha wazi, Zizi litajua lenyewe kadiri unavyoingiza ng'ombe mmoja mmoja. Sikuongeza chatu. Sikuongeza methali. Na lile ‘wachache’ nikalifuta, nikarudisha namba ya binti, ila jina la Twesigye nikaliondoa nikaweka langu. Ng'ombe sitini na wanne zaidi hawangenidhuru. Nikabonyeza kupitisha.

Haikupita. Ukuta ukasema: Linasubiri idhini.

Nikabonyeza tena. Linasubiri idhini. Ruhusa yangu ilikuwa imeondolewa. Nilitazama benchi la wanawake. Simu ilikuwa mapajani mwa Ainebyona, nusu imefunikwa na kitenge, na nikajua kwamba tangu ukuta ulipogeuka mwekundu yeye hakuwa amekaa bure.

“Idhini ya nani?” mzee wa samaki aliuliza.

Kidole kimoja kilitembea chini ya kitenge. Mtandao wa Songambele ukafikiri. Ukafikiri tena. Duara dogo ukutani likazunguka, na miguu yangu chini ya meza ikazunguka nalo. Kisha ukurasa ukajifungua upya, sentensi iko mahali pake, imenyooka.

Jovitus alimgeukia Mukakalisa. “Mama, mwandishi ametumia simu.”

“Sharti lilisema mdomo,” mwenyekiti akajibu. “Amefungua mdomo?”

“Hapana.”

“Fuata mwongozo.”

Jovitus akasoma, akaacha pale pa idadi wazi, akabonyeza. Kijani. Sasa ilitaka ng'ombe mmoja, na safari hii alitakiwa wa kweli. Twesigye alisimama. Alichukua fimbo yake kwanza, kama mtu anayetoka nyumbani.

“Kyasha,” akasema. “Mama yake Siina. Wa kumfuata msiniulize, mwandike peke yake.”

Akakaa. Kyasha wa Twesigye akabaki ukutani, na wazee waliomjua wakatikisa vichwa kwamba ndiye.

Nilidhani tumemaliza. Mukakalisa aliuliza bado nini, Jovitus akasema imebaki sura ya mwisho, ya kufuta. Mwenyekiti akasema vizuri, maana ushirika hauwezi kuanza ukiwa na kundi la uongo ndani. Waondoe wale wa Gosbert.

Jovitus akafuata hatua. Mwongozo ukamuuliza kama ana uhakika. Akanitazama mimi. Mbona ananitazama mimi? Nikatikisa kichwa kukubali.

Waliondoka kuanzia chini. Kyasha mkaidi, yule mtamba asiyechanjwa, Ngabo, Gaju aliyepewa kwa lazima, na Bihogo mwishoni. Majina yalikuwa yakififia moja moja, na wale ambao hatukuwa tumewapa majina wakaenda kwa mkupuo, mia kadhaa, bila hata kulia. Ukuta ukabaki na Kyasha wa mkwe wangu tu na rangi nyeupe ya chokaa.

Hakuna aliyecheka. Ni watu waliowahi kuona ugonjwa ukifagia zizi, na nadhani miili yao ilikumbuka yenyewe. Twesigye aliinuka akaja akanishika mkono.

“Pole, mkwe.”

“Ahsante.”

“Pole sana, mzee,” wa samaki naye akasema, uso mkavu kabisa, na nyuma yake wengine wakapanga foleni. Nilipewa pole na watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wananiita mla ndizi. Mpaka leo sijui walikuwa wananitania au la, na nikiwauliza wanabadilisha maneno.

“Tunalichukua,” Mukakalisa akasema juu ya kelele za viti. “Binti Twesigye, sema sasa.”

Ainebyona alisimama, akafungua mdomo, na baada ya kuufunga siku nzima hakikutoka kitu. Alijifunika uso kwa kitenge akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Sikuweza kuona kama ni kilio au kicheko, na mpaka wetu haukuniruhusu kusogea nitazame. Nikatoka nje, maana miguu ilikuwa imeshanitangulia.

Nikampigia Edith nikitembea kuelekea barabarani. Nikamwambia amwambie Yustus aachane na lori. Nikasikia anawaita watoto kwa jina, mmoja na mwingine, bila kuwatuma chochote. Kisha akarudi kwenye simu.

“Na wewe sauti imekuwaje? Umeanguka?”

“Nimefiwa na ng'ombe.”

“Ng'ombe gani tena, Baba Yustus?”

Nilikuwa nimeshafika kwenye majani marefu, na bodaboda iliyokuwa inanisubiri nikaipungia mkono ipite. Nikaanza kumweleza rangi zao.